Je, Wajua? Kurasini nayo ni ughaibuni

Mwambie mtu wa Mbagala kwamba kijana fulani kaenda kusoma nje, mawazo yake yatakwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Ataulizia Uingereza, Marekani, na siku hizi China, India au Uturuki. Hatauliza kama kuna waliopanda mabasi na malori, wengine wakatembea kwa miguu, ili wao waje kusoma kwetu. Wapo, tena wengi, na baadhi yao walikuja kuongoza nchi.

Je, wajua kwamba kwa baadhi ya Wamsumbiji wa miaka ya 1960, kusoma nje kulimaanisha Temeke? Mwaka 1963 ilianzishwa Taasisi ya Msumbiji, ikawa na makao yake Kurasini. Iliongozwa na Janet Mondlane, Mmarekani aliyeolewa na Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa chama cha ukombozi cha FRELIMO, na sehemu ya fedha za kuanzia ilitoka kwa Ford Foundation ya Marekani. Vijana waliokimbia utawala wa Wareno walisoma pale, na kutoka pale wengine walitafutiwa ufadhili wa kwenda vyuo vya ng'ambo. Mondlane mwenyewe alikuwa mtu wa vitabu: shahada ya kwanza aliipata Chuo cha Oberlin mwaka 1953, ya uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960. Na ni kitabu kilichomuua. Tarehe 3 Februari 1969, hapa Dar es Salaam, alifungua kifurushi chenye kitabu kilichotegwa bomu.

Uhusiano huo wa Kurasini na Msumbiji haukuishia hapo. Mwaka 1978 serikali mbili, ya Tanzania na ya Msumbiji, zilifungua kwa pamoja kituo cha kufundisha mambo ya uhusiano wa kimataifa. Wenyeji wanakiita Chuo cha Diplomasia, na sasa kimepewa jina la mwanadiplomasia wetu, Dk. Salim Ahmed Salim. Malori ya makontena ya bandarini yanapita eneo hilo usiku na mchana, na nina hakika madereva wengi wanakijua chuo kwa jina la kituo cha daladala tu.

Je, wajua kwamba Dk. Salim alikuwa balozi kabla hajawa na shahada? Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, aliteuliwa balozi Misri. Mwaka 1965 akahamishiwa India, akakaa hadi 1968, na huko ndiko alikosoma shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Delhi, chuo cha St. Stephen's. Ya pili aliipata Columbia, New York. Fikiria mhadhiri wa Delhi anavyokaa na kalamu nyekundu mbele ya insha ya mheshimiwa balozi. Atampa alama anazostahili, au atafikiria kwanza?

Je, wajua kwamba miongoni mwa Waswahili wa kwanza kuingia darasa la elimu ya juu Ulaya, kuna walioingia wakiwa walimu? Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin seminari ya lugha za Mashariki, ambako maofisa, wafanyabiashara na wamisionari wa Kijerumani walifundishwa lugha kabla ya kuja huku. Kiswahili kilihitaji wasemaji wenyewe. Ndipo mwaka 1900 akasafirishwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa madrasa kutoka upande wa Bagamoyo, kwenda kufundisha.

Huyu bwana ana kisa ambacho ningetamani kila mwanafunzi anayejaza fomu ya kwenda Ulaya akijue. Aliandika kwa Kiswahili maelezo marefu ya maisha ya pwani: ndoa, unyago, matanga, biashara, uganga, madeni, watumwa na mabwana zao. Kitabu kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, na jina lililokaa mbele ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. *Desturi za Waswahili* kinasomwa na watafiti mpaka leo, na mara nyingi jina la Mtoro linakuja nyuma. Darasani nako hakupata amani, kwani baadhi ya wanafunzi wake, watawala watarajiwa wa koloni, hawakutaka kumheshimu mwalimu mweusi. Akaacha kazi ile. Mwaka 1904 akamwoa Bertha Hilske, binti wa Kijerumani, na mwaka uliofuata wakafunga safari ya kuja kwao Bagamoyo. Utawala wa kikoloni haukukubali Mwafrika ashuke pwani na mke wa Kizungu. Wakageuzwa njiani, wakarudi Ujerumani. Mtoro aliendelea kufundisha na kutoa mihadhara huko, ikiwemo Hamburg, na akafia Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tena.



Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo cha ughaibuni ndani ya nyumba yetu wenyewe? Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima kile ambacho wote tunakiita Mlimani. Wakazi wa Kinondoni wana haki ya kujidai kidogo: kilima hicho kilihesabiwa kuwa chao mpaka wilaya ilipomegwa, ikazaliwa Manispaa ya Ubungo.

Katika utaratibu ule wa nchi tatu, kazi ziligawanywa. Aliyetaka udaktari alielekea Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar. Kwa hiyo mwanafunzi wa kawaida wa miaka ile, asiye mtoto wa waziri wala tajiri, alivuka mpaka kwenda kusoma shahada ya kwanza, na hakuna aliyeona ajabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, ikapigiwa makofi. Kwa maoni yangu tulikuwa tunarudia kwa karatasi nyingi kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho hadi mwaka 1970, chuo kilipovunjwa na kila nchi kuchukua chake.

Sasa angalia waliokuja. Yoweri Museveni wa Uganda alifika Mlimani mwaka 1967, akasoma siasa na uchumi hadi 1970. Akaongoza umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi cha USARF. Walikuwa na vikao vyao vya mijadala, wakamsikiliza Walter Rodney wa Guyana, mhadhiri wa historia ambaye kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Museveni na wenzake walikwenda hadi maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji, na andiko lake lilihusu nadharia ya Frantz Fanon juu ya matumizi ya nguvu. Ndivyo baadhi walivyokuwa wakipiga msuli zamani zile: kitabu mkononi, mguu msituni.

Katika umoja huohuo alikuwamo kijana wa Sudan Kusini, John Garang. Alikuwa amesoma sekondari hapa Tanzania kwa sababu ya vita kwao, akapata ufadhili wa kwenda Chuo cha Grinnell, Iowa, akahitimu uchumi mwaka 1969. Akapewa nafasi ya kuendelea Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Akaikataa. Alichukua ufadhili wa Thomas J. Watson, ambao huwapa wahitimu bora wa vyuo teule vya Marekani fedha za kufuata jambo lao nje ya nchi hiyo, akaja nao Dar es Salaam kuchunguza uchumi wa kilimo wa Afrika Mashariki. Tuzo iliyobuniwa kumtoa Mmarekani akaone dunia, yeye aliitumia kurudi karibu na nyumbani. Baadaye aliongoza vuguvugu la SPLM kule kwao, na Museveni, rafiki yake wa Mlimani, akawa rais wa nchi jirani iliyomuunga mkono.

Mwingine kwa haraka: Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alisomea sheria yake Mlimani.

Je, wajua kwamba ndege moja ya mwaka 1959 iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwa mpigo? Ilikodiwa kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, aliyekuwa akizunguka Marekani kuomba nafasi vyuoni, na waliomsaidia kuchangisha ni pamoja na mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Mwaka 1960 familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000. Hadi mpango ulipokwisha mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800, wengi Wakenya, lakini Watanganyika, Waganda na wengine walikuwamo. Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huo mwaka 1960 na kuhitimu biolojia huko Kansas mwaka 1964.

Watu wengi husema baba yake Barack Obama alikuwa kwenye ndege ile ya kwanza. Hapana. Alikwenda mwaka huohuo, lakini kwa njia yake, hadi Chuo Kikuu cha Hawaii, akawa Mwafrika wa kwanza kusoma pale. Alihitimu uchumi mwaka 1962, akachaguliwa kuwa mwanachama wa Phi Beta Kappa.

Hicho ni nini? Ni jumuiya ya heshima ya wanafunzi, kongwe kuliko zote Marekani. Ilianzishwa na vijana wachache wa Chuo cha William & Mary, Virginia, tarehe 5 Desemba 1776, miezi mitano tu baada ya Marekani kujitangazia uhuru. Herufi zake tatu ni za maneno ya Kigiriki yenye maana kwamba kupenda hekima ndiko kunakoongoza maisha. Mwanzo ilikuwa siri tupu: viapo, salamu maalumu ya mikono na alama za kujuana. Siri zilikwisha kuondolewa, ila wanachama wanavaa bado kifunguo kidogo cha dhahabu. Ni chuo kimoja tu katika kila vyuo kumi hivi vya Marekani chenye tawi lake, na huwezi kuomba kuingia. Unachaguliwa na walimu waliotazama matokeo yako. Mtoto wa Nyanza kuipata mwaka 1962 si jambo la kupita.

Sisi hatuna desturi hiyo ya vifunguo. Heshima yetu inakaa kwenye GPA. Mlimani na vyuo vingine vingi, ukipata 4.4 hadi 5.0 umechukua daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu. Chini ya 2.0 hakuna shahada. Vipanga wanajulikana kwa namba hizo, na kuna namba nyingine wanayoitolea macho: 3.8, kiwango cha chini cha shahada ya kwanza kwa anayetaka kuajiriwa ualimu wa chuo kikuu akiwa mkufunzi msaidizi. Mwenye 3.7 anaweza kuwa na akili za kutisha, lakini mlango ule haumfungukii. Naona ni ukatili mdogo wa desimali.

Kwa sababu hatuna desturi ya jumuiya za heshima, tunadanganyika kirahisi. Nenda kwenye steshenari yoyote ya jirani na chuo, Chang'ombe karibu na DUCE kwa mfano, saa kumi jioni. Mashine ya kopi imepoa chini ya kipande cha kitenge kinachozuia vumbi, kijana mwenye duka anaskani transkripti huku akijibu simu, na wateja wamebanana kwenye benchi wakisubiri. Mmoja anamwonyesha mwenzake barua pepe kwenye simu. Kuna nembo ya dhahabu, kuna herufi za Kigiriki, kuna hongera nyingi: umeteuliwa kuingia jumuiya ya wanafunzi bora duniani. Jina lake limekosewa herufi moja. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ada ya uanachama kwa dola, na siku 7 za kulipa. Mwenzake anamwuliza swali la maana kuliko barua yote: "Matokeo yako hao wameyaona wapi?"

Zipo jumuiya halali zinazotoza ada ya kujiunga, hilo tuliweke sawa. Golden Key, iliyoanzia Georgia mwaka 1977, ilisambaa hadi Afrika Kusini na Australia. Kinachotofautisha halali na utapeli ni chuo chako mwenyewe. Jumuiya ya kweli ina tawi ndani ya chuo na imepata orodha ya matokeo kwa idhini ya chuo. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi itaijua. Isipoijua, boom lako libaki mfukoni.

Je, wajua kwamba mwaka 1972 wanafunzi 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli? Walisoma Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, wakati mataruma ya TAZARA yakiwa bado yanalazwa kuelekea Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Watu wanaoshuka daladala pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela wanaliona jengo la kituo kila siku. Wanafunzi wale hawatajwi sana, na sijui kwa nini, maana bila wao treni ingebaki kuendeshwa na wageni.

Je, wajua kwamba mwezi mmoja wa masomo ya Ulaya na mwezi mmoja wa hapa haihesabiwi kwa kipimo kimoja? Anayekwenda kwa muhula mmoja, kama katika mpango wa Erasmus ulioanzishwa mwaka 1987 na baadaye kufunguliwa kwa vyuo vya nje ya Ulaya, hukutana na jambo hili akiwa amechelewa. Krediti 1 ya Tanzania ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima una krediti 120. Ya Ulaya ni saa 25 hadi 30, na mwaka una 60. Kwa hiyo ukirudi na krediti 30 kutoka Ujerumani, usikubali ziandikwe 30. Ni nusu ya mwaka wao, na kwa uwiano huo ni sawa na 60 za hapa, muhula mzima. Dawa yake ni mkataba wa masomo, karatasi inayotaja kozi utakazosoma kule na zitakazofutwa huku, ikasainiwa na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea kabla hujapanda ndege. Bila karatasi hiyo, utarudi na picha nzuri za theluji na kozi za kukeri.

Je, wajua kwamba iliwahi kuwezekana kupata shahada yenye mkono wa chuo cha Marekani bila kuondoka Kinondoni? Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuwa na makao yake Kinondoni, kiliwahi kuendesha shahada ya uzamili ya maendeleo ya uchumi wa jamii kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire. Mmoja wa waliohitimu ni Samia Suluhu Hassan. Na tangu 2023 India nayo imesogea: IIT Madras, chuo cha teknolojia ambacho Wahindi wanakesha kukiingia, kilifungua kampasi yake Zanzibar. Ndiyo IIT ya kwanza nje ya India, na mkuu wake wa kwanza, Preeti Aghalayam, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT. Boti ya Azam inakufikisha Unguja kwa saa mbili hivi.

Wageni wanaokuja kusoma kwetu nao hawajakoma. Wamarekani wanajifunza Kiswahili Mlimani na Zanzibar, wengine wanasomea wanyamapori upande wa Arusha na Karatu, na Wajerumani walianzisha kituo cha pamoja cha sheria na Mlimani mwaka 2008.

Je, wajua kwamba Mtanzania anayekwenda kusoma chuo kikuu nje ya nchi anatakiwa kuwa na cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU? Wazazi wengi wanaanza kukisikia mtoto akiwa tayari ana begi mlangoni. Cheti hicho kinathibitisha kwamba chuo anachokwenda kinatambuliwa na kwamba ana sifa za kujiunga. Akirudi, shahada yake itapelekwa TCU hiyohiyo kufanyiwa tathmini, na mwajiri wa serikali atauliza majibu. Familia imeuza kiwanja Chanika, mtoto kakaa miaka minne, halafu chuo hakitambuliwi: hapo hakuna rufaa inayorudisha kiwanja. Wapo mawakala waliosajiliwa wa kuwapeleka wanafunzi nje, na wapo wenye kadi ya biashara na koti tu. Ukipewa jina la chuo, liandike vizuri pamoja na nchi na kozi, uliza TCU kwanza kama kinatambuliwa, na risiti ya wakala isubiri mpaka upate jibu.